Tupeane uzoefu: uliyejitolea hifadhini Uganda, kazi ilikufunza nini?

Mwana_Katwe:
Habari za jioni ndugu zangu. Nimetoka sasa hivi kung'oa mitunduru ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kiganja kimevimba, miiba miwili bado imo. Naomba waliowahi kujitolea kwenye hifadhi zetu tusimuliane, maana haya mambo hatufundishwi mahali popote.

Naanza mimi. Mtunduru mnaujua, ua lake linaning'inia, nusu waridi nusu njano. Ni mzuri wa kutazama, lakini ukitanda hufunga kichaka kizito, nyasi hufa chini yake, na kobu, wale swala wetu, hawana tena pa kulisha. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na panga. Nilifyeka tangu asubuhi hadi saa 7, nikarudi nyumbani na furaha. Mvua ziliponyesha tukarudi palepale. Kisiki kimoja kilikuwa na machipukizi saba, na mengine yamechomoza hatua mbili pembeni, kwenye mzizi. Mzee mmoja wa kundi letu, mchimba chumvi ziwani, akanichukulia panga akanipa sururu. "Huyu hakatwi mwanangu, hufuatwa hadi mzizi unapoishia." Tangu hapo mti mmoja hunichukua hata nusu saa, na sijutii.

Dada_wa_Bigodi:
Pole kwa mkono kaka. Mimi niko jirani na msitu wa Kibale. Nilikuwa nikiongozana na maaskari wa wanyamapori kutafuta mitego ya waya. Ukiambiwa mtego utafikiri ni kitu kikubwa. Ni kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli, kimefungwa kwenye mche uliopindwa, kimefunikwa majani. Jicho halikioni. Tulichofundishwa ni kutazama juu kidogo: mti mchanga uliopinda bila sababu, gome limechubuka pale waya ulipofungwa.

Anayetega anataka funo au nguruwe mwitu. Lakini sokwe naye hupita hapohapo. Kuna jike mmoja nilimwona akila tini, mkono wa kushoto umeishia kwenye kifundo. Alikuwa anakumbatia tawi kwa kigutu na kuchuma kwa mkono wa pili, mtoto yuko tumboni ameng'ang'ania. Nililia, sioni aibu kusema.

Sheria moja kwa wageni: usiingie peke yako, na waya ukiutegua usiuache chini. Beba. Ukiuacha, kesho umetegwa tena.

Mama_Kitalu:
Asante dada kwa hilo la waya. Mimi ni wa miche. Kusini mwa Kibale kuna sehemu zilizokuwa zimefyekwa mashamba kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1993, na upandaji wa miti ya asili ulianza 1994. Watu hudhani kupanda ndiko kazi. Kazi ni mabingobingo, zile nyasi ndefu! Yanaota kumpita mtu, yanaumeza mche, na kiangazi kikifika cheche moja inamaliza yote. Kwa hiyo tulikuwa tunapalilia kila mche kwa duara, halafu tunasafisha njia za kuzuia moto kabla ya jua kali. Miti ikishatoa kivuli, nyasi hudhoofika zenyewe, ndege na nyani wakaleta mbegu nyingine tusizopanda sisi.

Lililoniudhi: shirika moja lilituletea lori la mikaratusi, eti tupande mpakani mwa msitu. Tulikataa. Walikasirika, lakini mringaringa na mkuyu tulivyoviotesha wenyewe ndivyo vilivyopandwa.

Kijana_Buhoma:
Huku msitu wa Bwindi sisi wa HUGO, kundi la wanakijiji wa kujitolea, tunarudisha gorila msituni wanapotoka kula migomba. Wanapasua shina wanakula moyo wake, na wenye shamba wanaumia kweli, tusiwalaumu. Tunajipanga mstari, kengele mkononi, tunasogea polepole. Ukimkimbilia dume, amekugeukia. Na barakoa lazima, maana magonjwa yetu huwaambukiza gorila: mwaka 1996 walipata upele uliotoka kwa binadamu, mtoto mmoja wa gorila akafa. Mwenye mafua abaki nyumbani.

Mwana_Katwe:
Mama_Kitalu, hizo mbegu za mringaringa mnaziloweka kabla ya kuotesha? Tunataka kuanza kitalu huku.

Mama_Kitalu:
Hapana mwanangu. Okota tunda lililoiva chini ya mti, menya nyama yake, osha, kausha kivulini, tia kwenye udongo uliochanganywa na mchanga. 

Mwana_Katwe:
Nimeandika. Jumamosi ijayo tunaingia tena saa 1 asubuhi. Mwenye glavu za ngozi zisizotumika atuletee, tumebaki na jozi nne na watu ni kumi na mmoja.