Wadau wa magari madogo ya plastiki ya kuunga vipande wenyewe, Dar: bodi ikigoma kukaa kwenye chasi mnafanyaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Mambo ya rangi tuyaweke pembeni leo, tuongelee vipande visivyokubaliana. Naanza mimi.

Nina Nissan Skyline ya 1/24 mezani, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Kati ya boneti na bampa palikuwa na mwanya wa kupitisha kucha. Ukiangalia haraka utasema bampa ni fupi, ipigwe puti ya kuzibia. Nikafunga gari zima kwa tepu ya karatasi bila tone la gundi, kisha nikawa natoa kipande kimoja kimoja. Nilipotoa dashibodi, bodi ikashuka yenyewe! Kumbe dashibodi ilikuwa inasukuma kioo, kioo kinanyanyua bodi, mwanya unajitokeza mbele. Nikaikwangua kwa chini, pasipoonekana, kazi ikaisha. Siku hizi mwanya ukiwa mbele, naanza kupekua ndani. Nyie je?

Mdau wa Mbagala: Mimi yangu ni ya Kimarekani, 1/25, ya zamani. Chasi imepinda, gari linasimama kwa matairi matatu kama mbuzi aliyechomwa mwiba. Dawa ni maji ya moto. Plastiki hii, polistirini, hulegea ikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo tumia maji yaliyokwisha kuepuliwa, usichemshie chasi jikoni. Tumbukiza, nyoosha taratibu, halafu ingiza kwenye maji baridi ukiwa bado umeishikilia. Ukiiachia mapema inarudi ilikotoka.

Mdau wa Kinondoni: Rangi nayo inaongeza unene, mnaisahau. Kipande kiliingia vizuri, ukipuliza tabaka tatu kinakataa. Kwangua maungio. Vipande vya kung'aa vilivyopakwa kromu, kwangua hivyo hivyo: gundi ya plastiki inashika kwa kuyeyusha plastiki, na kromu haiyeyuki.

Mdau wa Ilala: Swali. Puti ya mafundi wa gereji inafaa? Huku mtaani ndiyo iliyojaa.

Mwanzisha uzi: Ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha) inafaa, mkuu, ila paka nyembamba. Ukirundika, inapata joto ikikauka na plastiki nyembamba inaweza kulainika. Uzuri wake hainywei sana.

Mdau wa Temeke: Kwa nyufa ndogo sinunui puti. Zile fito zinazobaki ukishatoa vipande, nazikatakata nikaziloweka kwenye gundi ya plastiki, ile nyepesi kama maji, mpaka ziwe uji mzito. Ukipaka, ufa unazibwa na plastiki ileile. Usikimbilie msasa, uache ukauke kabisa, maana unanywea. Naanza na namba 400, namalizia 1000 kwa maji.

Mdau wa Kinondoni: Na supaglu iwe mbali na vioo. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe. Kioo kilicholegea nashikisha kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Mdau wa Ilala: Nimewapata wakuu. Sasa mwenye milango inayofunguka aje, wangu ukifunga chini, juu unabenuka.