Siku ya pili bila uraka, mikono inatetemeka

mkulima_tandahimba: Wakuu habari za saa hizi, niko Tandahimba huku, nimeamua kuacha pombe kabisa, nimekunywa uraka na nipa, hizi pombe zetu za mabibo ya korosho, kila siku kama miaka sita hivi, leo siku ya pili jasho linanitoka utadhani nimebeba magunia, asubuhi kikombe cha chai nimeshika kwa mikono miwili na bado kimenimwagikia shati. Usingizi hamna. Na jirani ndo anakamua mabibo, harufu inaingia mpaka chumbani. Hii inaisha lini jamani?

binti wa Mikindani: Pole kaka. Baba yangu mdogo siku ya tatu alianza kuona siafu ukutani, siafu wenyewe hamna, tukamkimbiza hospitali ya Ligula, Mtwara. Usilale peke yako! Degedege linaweza kukupiga ndani ya saa 48, hii sio ya kujikaza kiume, nenda hospitali ya wilaya leo leo, wana dawa za kutuliza na vitamini B1.

mzee wa feri: Punguza kidogo kidogo bana, glasi moja asubuhi inatosha

binti wa Mikindani: Mzee wangu shikamoo, ila nipa unaipimaje? Ya leo kali kuliko ya jana. Kipimo amwachie daktari.

mkulima_tandahimba: Dada yangu hapa nyumbani kashaita bodaboda, yeye anakaa nyuma yangu kunishika nisidondoke. Uji nimejaribu, umerudi wote. Ntawapa mrejesho