Je, tahajia ya Kiingereza irekebishwe, au tuendelee kuikariri?

Mkaguzi wa Imla

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo hili bila ushabiki: je, haujafika wakati wa wenye Kiingereza kuirekebisha tahajia yao, au sisi tunaokisoma darasani tuendelee kukariri makosa ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita? Nayaita makosa kwa kuwa historia yenyewe inashuhudia. William Caxton alipoanzisha uchapaji wa vitabu kule Westminster mwaka 1476, matamshi ya irabu ndefu za Kiingereza yalikuwa yanahama, na yaliendelea kuhama kwa muda mrefu baada yake. Maandishi yakaganda kwenye karatasi huku vinywa vikiendelea na safari. Ndiyo maana "knight" inabeba "k" na "gh" ambazo zamani zilitamkwa kweli na leo hazitamkwi. Hilo naweza kulisamehe. Nisiloweza kulisamehe ni la wasomi waliochomeka "b" katika "debt", neno lililokuwa likiandikwa "dette", ili tu lifanane na "debitum" la Kilatini, na wale waliotia "s" katika "island" kwa kudhani kwamba ni ndugu wa "insula" la Kilatini, ilhali asili yake ni Kiingereza cha kale. Leo mtoto wa Singida anakatwa alama kwa ajili ya majivuno yao.

Tazameni pia "though", "through", "cough", "tough" na "bough": zote zinaishia kwa herufi zile zile nne, na hakuna mbili zinazoweza kupata kina kimoja katika shairi. Si ajabu kwamba mwandishi George Bernard Shaw alionyesha kuwa "fish" yaweza kuandikwa "ghoti", yaani "gh" ya "tough", "o" ya "women" na "ti" ya "nation". Karibuni kwa hoja.

Kalamu Nyekundu

Ndugu Mkaguzi, kabla hujawarekebisha Waingereza, rekebisha kwanza habari zako. "Ghoti" imo katika barua iliyoandikwa mwaka 1855, na Shaw alizaliwa mwaka 1856, labda iwe aliibuni tumboni mwa mama yake. Isitoshe, kichekesho chenyewe ni cha udanganyifu, kwa sababu hakuna neno la Kiingereza ambalo "gh" ya mwanzoni inatamkwa "f", wala "ti" ya mwishoni haijapata kutamkwa "sh". Kanuni zipo, ila zimejificha. "G" ya "sign" haisikiki, lakini inakuonyesha undugu wake na "signal". "B" ya "bomb" inaamka ukifika kwenye "bombard". "W" ya "two" inakupeleka kwa "twelve" na "twin". Ukizifuta herufi hizo utakuwa umechoma shajara ya ukoo mzima.

Halafu tujiulize, tuandike kwa matamshi ya nani? "R" ya "car" inasikika Edinburgh na haisikiki London. Hapa kwetu ndiyo usiseme, maana wapo wenye shahada mbili ambao "l" na "r" bado ni mtihani, na "election" yao sina haja ya kuieleza mbele ya watu wazima.

Msafiri wa Ziwa

Nilikuwa nasoma kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye hiyo "election". Bwana Kalamu, lugha niliyonyonya kwa mama yangu haizitenganishi sauti hizo mbili, na hilo si upungufu wa akili wala wa shahada. Niliwahi kukaa mbele ya jopo la usaili katika ofisi moja ya umma, nikaeleza kwa ufasaha kazi niliyoifanya wakati wa uchaguzi, na mjumbe mmoja akainua faili akaficha mdomo mpaka nilipomaliza. Swali lililofuata halikuhusu kazi hata kidogo. Niliombwa nirudie sentensi.

Sasa angalia mizani yako ilivyolala upande mmoja. Mtu wa London akiiangusha "r" ya "car" unaiita lafudhi na unaifanya hoja ya kitaalamu. Mimi nikiigeuza unaiita mtihani niliofeli. Nijibu hilo kwanza, ndipo uje na "twelve" na "twin" zako.

Bi. Chaki

Jamani, tumeulizwa habari za tahajia. Mimi nafundisha darasa la tatu katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, na kila Ijumaa natoa imla. Kuna mtoto aliandika "nife". Nikachora alama ya kosa, nikamwandikia "knife" pembeni. Akauliza, "Mwalimu, hiyo 'k' inafanya kazi gani?" Nikamjibu kwamba haifanyi kazi, ipo tu. Ijumaa iliyofuata akaniletea "knose", "knine" na "knever", kila moja ikiwa na "k" yake iliyonyooka vizuri, na alikuwa na furaha ya mtu aliyeigundua siri. Huyo hakuwa mzembe. Alipewa jambo akalifanya kanuni, kwa kuwa akili ya mtoto inatafuta kanuni, na tahajia ya Kiingereza inamwadhibu kwa kuitafuta. Nikiandika maksi zake hapo, ninapima akili yake au ninapima uvumilivu wake?

Mtoto huyo huyo anasoma gazeti la Kiswahili kwa sauti bila kukwama, hata pale asipoelewa habari yenyewe, kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, basi.

Mzee wa Kibokoni

Mwalimu, kazi yako naiheshimu, lakini hiyo "basi" yako imenichoma. Kiswahili gani hicho kinachoandikwa kama kinavyotamkwa? Hapa Mombasa paa la nyumba ni neno moja, na paa mnyama wa porini ni neno jingine, kwa kuwa la pili linatoka na pumzi nzito baada ya "p". Masikio yetu hayawezi kuzichanganya, lakini kamusi zenu huziandika sawasawa. Barabara ya magari na barabara ya kusema jambo limekaa sawa hazina mkazo mmoja. Niambieni mkazo huo umeandikwa wapi.

Wanaojua wanajua ilikuwaje. Mkutano ulifanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928, ikakubaliwa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kisha mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, chini ya serikali za kikoloni. Kimvita chetu cha hapa Mombasa, chenye mashairi ya karne na karne, kikaambiwa kisubiri nje. Kwa hiyo usimcheke Mwingereza kwa "b" yake isiyotamkwa wakati sisi tuna pumzi inayotamkwa na haiandikwi. Ahsanteni.

Nusu Nukta

Mzee wetu, shikamoo. Naona kuna tofauti kati ya maandishi yasiyosema yote na maandishi yanayosema uongo. Kiswahili kimeacha pumzi na mkazo bila alama, lakini kila herufi iliyoandikwa ina kazi yake. Msomaji anakosa kitu kidogo, hapotoshwi. Kiingereza kinakuwekea "s" katika "island" na kukuonya usiiguse. Zaidi ya hayo, tofauti hiyo ya paa na paa imebaki kwa wazee wa pwani na washairi. Wengi wetu hatuisikii tena.

Mzee wa Kibokoni

Marahaba. "Wazee na washairi" ndio waliokuhifadhia lugha hii unayoinunulia vocha na kunijibu nayo. Kama wewe huisikii, tatizo ni la sikio. Usilifanye kuwa la lugha.

Mkaguzi wa Imla

Naomba turudi kwenye swali, maana nimeuliza habari za Waingereza tumeishia kwenye paa. Kuhusu "ghoti", iwe ni ya Shaw au ya jirani yake, samaki ni yule yule. Tena Shaw hakuwa mtu wa mzaha katika jambo hili: alipofariki mwaka 1950 aliacha wosia wenye fedha za kutafutia alfabeti mpya ya Kiingereza, alfabeti ikapatikana, na tamthiliya yake moja ikachapishwa kwayo mwaka 1962.

Wanaodhani kwamba mageuzi ni ndoto wakumbuke kwamba mtunga kamusi Noah Webster aliwafanya Wamarekani waandike "color" na "center", ingawa "tung" na "wimmen" zake hazikupokelewa. Mwaka 1906 bodi iliyofadhiliwa na tajiri Andrew Carnegie ilitoa orodha ya maneno 300 yaliyorahisishwa, na Rais Theodore Roosevelt akaagiza mpiga chapa wa serikali ayatumie. Mwaka 1949 muswada wa kurekebisha tahajia ulianguka katika Bunge la Uingereza kwa kura 87 dhidi ya 84. Kura tatu tu, ndugu zangu! Na Wajerumani, pamoja na majirani zao wanaotumia Kijerumani, walitia saini makubaliano ya tahajia mpya kule Vienna mwaka 1996. Kwa nini Kiingereza peke yake kiwe msahafu?

Kalamu Nyekundu

Umesimulia nusu ya kila hadithi. Bunge la Marekani lilimgeuka Roosevelt kabla mwaka huo haujaisha, naye akarudi nyuma. Kuhusu Wajerumani, gazeti lao kubwa la Frankfurt lilirudia tahajia ya zamani mwaka 2000, baada ya mwaka mmoja tu wa kuitumia mpya, na ugomvi ukaendelea kwa miaka. Hao wana serikali zinazoweza kukaa meza moja. Kiingereza kina mwenyewe gani wa kuketi naye? Hakijawahi kuwa na chuo cha lugha kama kile cha Wafaransa cha mwaka 1635. Mkiamua nyinyi, Lagos, Delhi na Toronto watawafuata kwa amri ya nani?

Na kwa Bwana Msafiri, mimi sikutaja kabila la mtu yeyote. Aliyevaa kofia hiyo ameivaa mwenyewe.

Msafiri wa Ziwa

Hukutaja kabila kwa sababu ulijua kwamba kila msomaji angelitaja kimoyomoyo kwa niaba yako. Swali langu la London bado linakungoja.

Nusu Nukta

Mimi nahariri ripoti za watu kwa malipo, na nawaambia kwamba mageuzi yanaingia bila bunge. Shuleni tulifundishwa tahajia ya Uingereza, lakini kompyuta zinasahihisha kwa ile ya Marekani, hivyo katika ripoti moja unakuta "organisation" ukurasa wa kwanza, "organization" ukurasa wa pili, na "programme" na "program" zikigombana kwenye aya moja. Hivi karibuni mteja alinirudishia kazi akilalamika kwamba nimemwandikia Kimarekani kwa sababu ya "z".

Kalamu Nyekundu

Mteja wako naye hajui. Wachapishaji wa Oxford wameipendelea "-ize" kwa miaka mingi, na Umoja wa Mataifa unaandika "organization" kwa "z" huku ukiandika "programme" na "labour" kwa Kiingereza cha Uingereza. "Z" si ya Marekani.

Nusu Nukta

Ahsante kwa elimu, ila mteja ndiye anayelipa. Na nilipoandika hiyo "ahsante" nimekumbuka jambo. Mzee wa Kibokoni amefunga hoja yake kwa "ahsanteni", yenye "h". Watu wengi niwajuao wanasema "asante". Hiyo "h" imewekwa ili neno lifanane na asili yake ya Kiarabu, sawa kabisa na "b" ya "debt" iliyowekwa kwa heshima ya Kilatini. Kwa hiyo hata sisi tunao wasomi wetu wa kuchomeka herufi, Mzee, nawe umo katika orodha yao.

Bi. Chaki

Hapo umenigusa, maana kitabu kimoja cha shuleni kwangu kina "asante" na kingine kina "ahsante", na wazazi wananiuliza lipi ni kosa.

Mkaguzi wa Imla

Wandugu, Kiingereza! Tunajadili Kiingereza!

Mzee wa Kibokoni

Kijana, "b" ya "debt" hakuna Mwingereza anayeitamka, hata uende London leo ukamlipe deni lake. "H" ya "ahsante" mimi naitamka, mke wangu anaitamka, na muuza kahawa aliye mlangoni pangu sasa hivi ameitamka nilipomlipa. Usiyeitamka ni wewe, ndiyo maana unaiona imechomekwa.

Msafiri wa Ziwa

Tazama, Bwana Kalamu, Mzee anaruhusiwa kuandika anavyotamka. Mimi nikiandika "erection" utanipa alama ngapi?

Kalamu Nyekundu

Sifuri, na jopo litaomba urudie sentensi.