Ekari 60 za nyasi Loita: nilimishe ngano, niweke ua au niache wazi?

Mwana_wa_Loita
Wadau, baba ametugawia ardhi upande wa Loita, Narok. Fungu langu ni ekari 60, nyasi tupu, hazijawahi kupigwa plau. Mkulima wa ngano anataka kunikodi. Jirani ananihimiza nizungushe ua. Njia ya tatu ni kuingia kwenye hifadhi ya jamii: wenye ardhi tunaiacha wazi, ng'ombe na wanyamapori wapite, nasi tunalipwa kodi inayotokana na watalii. Mngechagua ipi?

Plau_Narok
Kodi ya ngano unaishika mkononi kabla trekta halijaingia, siwezi kuikana. Tulikodisha misimu sita. Tuliporudishiwa nilidhani nyasi zitarudi baada ya mvua mbili. Yakaota magugu, ng'ombe wanapita hata shingo hawainamishi.

NyayoZaNyumbu
Ndugu, Loita ndiko nyumbu wa upande wa Kenya wanakozalia. Mwaka 1977 walikadiriwa kuwa 119,000. Kufikia 1997 walibaki kama 22,000. Ngano imekalia mazalio yao. Ng'ambo, Serengeti, ambako mbuga haikulimwa, chanjo ya ng'ombe ilipoondoa sotoka, ugonjwa wa mifugo uliokuwa ukiwaua nyumbu pia, nyumbu walipita milioni moja.

BintiKitengela
Ua nao msiuone mdogo. Kwetu ulianza ploti moja moja, mwishowe nyumbu waliokuwa wakitoka Hifadhi ya Nairobi kwenda nyanda za Athi-Kapiti wakazibiwa njia. Ukame ukija utajuta: mvua inanyesha kwa jirani, nawe huwezi kupeleka mifugo kwa sababu naye amefunga.

Mzee_wa_Boma
Wanangu, msiseme nyanda hizi hazijaguswa. Wafugaji wamekuwa wakihamisha maboma hapa Narok kwa miaka ipatayo 3,000. Boma likihama, samadi inabaki, na nyasi za maboma ya kale ni za kijani kuliko zinazozizunguka. Swala wanazijua. Nyasi kuukuu tulizichoma pia, kupunguza kupe. Ila sisi tulihama, ardhi ikapumzika.

NyayoZaNyumbu
Kweli mzee. Ila kuhusu hifadhi, soma mkataba vizuri. Mwaka 2020 watalii walipokatika kwa sababu ya korona, kodi nazo ziliyumba.

Mwana_wa_Loita
Asanteni. Wa ngano nimeshamwambia hapana. Kaka zangu wawili bado wanataka ua. Jumapili tunakaa na baba. Mzee, karibu na mgunga wetu kuna duara la nyasi fupi, kijani hata kiangazi. Nikipiga picha, utanieleza kama ni boma la kale?