Uji wa oti unanishinda: unanata kama gundi na haushibishi

MamaNuru
Wapendwa, habari za asubuhi. Mume wangu ni fundi ujenzi, anatoka nyumbani saa 11 alfajiri. Wenzake kazini wamemsifia uji wa oti, na yeye akautaka. Nachemsha maji, namimina oti vikombe viwili, nakoroga kama uji wa sembe dakika kumi bila kuachia mwiko, kisha sukari. Unatoka unanata, ukiinua kijiko unavutika. Anaumaliza kwa kuniheshimu tu. Halafu saa 3 ananipigia simu, njaa inamuuma. Nakosea wapi?

Shangazi wa Korogwe
Pole mwanangu. Kwanza soma pakiti. Kuna oti laini za dakika 1 au 2, kuna zile bapa kubwa za dakika 5 hadi 10, na kuna zilizokatwakatwa, ngumu kama chenga za mchele, hizo zinataka karibu nusu saa jikoni. Ukishika zile laini ukazikoroga dakika kumi, zitavurugika tu. Tena wengi wetu tunaita oti shayiri. Shayiri ni nafaka nyingine, inachelewa sana kuiva, usije ukauziwa hiyo.

MamaNuru
Shangazi, nimekimbilia kabatini. Imeandikwa dakika 2!

Jiko la Mkaa
Hapo umejijibu, dada. Oti zina utelezi wake kama bamia: kadiri unavyozipiga mwiko ndivyo unavyoutoa. Nunua zile bapa. Kikombe kimoja cha oti, vikombe viwili vya maji na maziwa, nusu kwa nusu. Mimi kwanza naweka kijiko cha samli kwenye sufuria, nazikaanga kwa moto mdogo mpaka zinukie kama karanga zinazokaangwa na rangi ianze kugeuka. Ndipo namwaga maji, chumvi kidogo (usiiache, bila chumvi uji unapooza) na iliki mbili za kutwanga. Maziwa nayatia mwishoni kwa sababu yanashika chini haraka. Koroga mara tatu nne, basi. Epua ungali mwepesi kidogo, funika dakika tatu, utajikaza wenyewe. Na tumia sufuria kubwa, unafurika kama maziwa.

Bi Mwana
Mwenzangu kasema vizuri, ila hajagusa njaa ya saa 3. Mtu anayebeba zege hashibi kwa oti na sukari. Ukishaepua, tia kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, ndizi mbivu ya kuponda na tende tatu za kukatakata. Hapo sukari huitaki tena. Siku nyingine weka tui zito badala ya maziwa. Huku kwetu Unguja Mwezi wa Ramadhani tunapika shurba: vipande vya nyama na mifupa vinachemka na kitunguu, tangawizi, thomu na nyanya mpaka nyama ilainike, ndipo oti zinaingia kwenye ile supu. Ukila unakamulia ndimu. Nani kasema oti lazima ziwe tamu?

Dereva wa Tunduma
Mama, huyo anatoka saa 11, wewe utaamka saa ngapi kukaanga samli? Fanya ninavyofanya safarini. Usiku suuza hotipoti ndogo kwa maji ya moto, weka kikombe cha oti zilizokatwakatwa, chumvi, mdalasini, mimina vikombe vitatu vya maji yanayotokota, funga kabisa. Alfajiri zimeiva, na bado unazitafuna, hazijawa ujiuji. Maziwa na karanga anaongeza mwenyewe. Hapo mimi mpaka mchana sitafuti chakula.

Shangazi wa Korogwe
Dereva, hotipoti yako iwe nzima lakini. Ile inayopoteza moto itakupa oti mbichi na uji uliochacha.

MamaNuru
Ndugu zangu, nimerudi. Zilizokatwakatwa sijazipata dukani kwetu, nimenunua zile bapa. Jana nimezikaanga na samli, mtoto akatoka chumbani kuuliza nakaanga nini. Nimeweka siagi ya karanga na ndizi. Baba Nuru kaongeza bakuli la pili bila kuambiwa, na simu ya saa 3 haikupigwa. Kapiga saa 6 na nusu, ananiuliza kama zimebaki. Bi Mwana, Ijumaa napika shurba. Kwa nusu kilo ya nyama, nitie oti kiasi gani?

Bi Mwana
Kikombe kimoja, mwanangu, wala usizidishe. Zinavimba.