Sonona imepungua ila kichwa bado kizito, kuna aliyepitia hii?

FundiMbuyuni: Habari zenu wakuu. Mi ni fundi cherehani hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Nilikutwa na sonona, nina miezi mitatu kwenye dawa. Kulia kumeisha, chakula kinapita. Shida ni kichwa. Nampima mteja kiuno, 34, nikigeuka kuchukua daftari namba imeshapotea inabidi nimwombe asimame tena, juzi nimekata kitenge cha mama wa watu nikasahau kuacha nafasi ya mshono, niliumia sana. Zamani vipimo vya watu watano nilitembea navyo kichwani. Hii ni dawa au ndo ugonjwa wenyewe? Nawaza kuacha vidonge.

NesiWaZamu: Pole sana dada, ila usiache ghafla tafadhali. Sonona sio huzuni tu, inashika umakini, kumbukumbu za muda mfupi, hata wepesi wa kufikiri na kupanga mambo. Mara nyingi huzuni inatangulia kuondoka, kichwa kinachelewa, wengine kinabaki nyuma muda mrefu hata wakiwa wanacheka. Sio uvivu huo. Unatumia dawa gani?

FundiMbuyuni: Amitriptilini, usiku. Asubuhi mdomo mkavu, naamka kama nimelewa.

NesiWaZamu: Basi hapo kuna mawili kwa pamoja. Hiyo ni dawa ya zamani, inatibu vizuri lakini inakausha mdomo, inaleta usingizi na yenyewe inaweza kukusahaulisha. Rudi kliniki mweleze daktari hilo la kiuno na kitenge hivyo hivyo ulivyotuambia sisi, maana ukisema "naendelea vizuri" ataandika unaendelea vizuri. Anaweza kupunguza dozi au kukuhamishia fluoksetini, dawa nyingine ya sonona. Muulize pia kupima wingi wa damu na thairoidi, ile tezi ya shingoni, zikiwa na shida nazo zinafanya kichwa kizito.

MwlSakina: Mi nipo Arusha, nafundisha hesabu. Nilisimama ubaoni nikasahau hatua inayofuata ya swali nililofundisha miaka kumi, wanafunzi kimya wananiangalia. Dawa iliondoa huzuni ndani ya wiki sita hivi, akili ilichukua karibu mwaka. Kilichonisaidia ni kulala saa ile ile, kutembea kwa miguu kila asubuhi na kuandika kila kitu. Dada, andika namba kabla hujatoa tepu kiunoni kwa mtu.

FundiMbuyuni: Asanteni jamani, nimesoma nikalia kidogo, ila sio kile kilio cha zamani. Daftari nimelifunga kamba kwenye meza ya kukatia. Kliniki naenda Jumatatu.