Mjadala: Asembla ijipimie yenyewe urefu wa miruko, au mwandishi aseme?

Mtambo Kimya: Wakuu, heshima kwenu. Kuna ubishi umetushinda kazini kuhusu asembla, programu inayogeuza amri zilizoandikwa kwa maneno kuwa baiti za prosesa, na miruko, yaani amri za kuhamia sehemu nyingine ya msimbo. Ukiandika `jmp mwisho` kwenye x86 (prosesa za Intel na jamaa zake) ya biti 32 au 64, amri inaweza kuwa ya baiti 2 (EB na umbali wa biti 8) au 5 (E9 na umbali wa biti 32). Zenye sharti kama `jne` (ruka kama si sawa) ni 2 au 6. Asembla ya GNU haikuulizi. Inakata msimbo vipande, kila kipande kina sehemu isiyobadilika na mkia unaoweza kurefuka, halafu baada ya kusoma faili lote inarudi kuamua mikia. NASM, asembla nyingine, nayo tangu toleo la 2.09 inajipimia bila kuombwa. Mimi nasema mwenye msimbo ndiye aseme `short` (mfupi) au `near` (mrefu). Sekta ya buti, kipande cha diski kinachosomwa kwanza kompyuta ikiwaka, ni baiti 512, mbili za mwisho ni 55 AA. Nataka kujua kila baiti imekwenda wapi.

Bint Makorora: Kaka, ukichomeka mstari mmoja katikati, `short` yako inavuka 127, kikomo cha umbali wa biti 8 kwenda mbele, na unaanza kuhesabu upya. Asembla inaanza na miruko yote ikiwa mifupi. Usiofika unarefushwa, vipande vinavyofuata vinasukumwa, kama konda anavyosema "sogeeni kidogo" kwenye Hiace iliyojaa. Mruko mwingine uliokuwa unafika kwa tabu sasa haufiki, nao unarefushwa. Inazunguka hivyo mpaka duru ipite bila kipande kusogea. Utalifanya hilo kwa kichwa? Wanaong'ang'ania `short` ni wale waliofundishwa kwa 8085, prosesa ya zamani, na hawajawahi kutoka humo.

Mzee Akumuleta: "Hawajawahi kutoka humo." Binti, nimefundisha kwa 8085 tangu hujazaliwa. Keti (kit) ile ya mafunzo yenye vitufe vya heksa inamtia mtoto adabu. JMP ni C3 na baiti mbili za anwani. Tatu. Daima. Hakuna kubahatisha.

Pwani_Biti: Shikamoo mzee. Hakuna kubahatisha kwa sababu hakuna swali. 8085 haina mruko mfupi kabisa, kwa hiyo mwanafunzi anamaliza muhula bila kukutana na tatizo tunalojadili. Afadhali hata Z80, prosesa nyingine ya zamani: JR baiti 2, JP baiti 3, unachagua mwenyewe.

Mzee Akumuleta: Marahaba. "Unachagua mwenyewe." Si ndicho anachosema mleta mada? Asante kwa kutuunga mkono.

Pwani_Biti: Sijamuunga mtu mkono.

Jirani wa Kaskazini: Huku kwetu Kenya tulisomeshwa 8086, ya kwanza katika ukoo wa x86, na hiyo haina `jne` ndefu. Ilikuja na 80386, mwaka 1985. Ukipita 127 unageuza sharti: `je` inaruka juu ya `jmp`. Tulifanya kwa mkono na hakuna aliyekufa.

Bint Makorora: "Hakuna aliyekufa" ndiyo hoja siku hizi? Hata kutembea Tanga mpaka Moshi hakuna aliyekufa.

Jirani wa Kaskazini: Wapo waliokufa. Lakini endelea, dada.

Heksa Tupu: Swali la mjinga: kwa nini ianze na mifupi? Mimi ningeanza na mirefu yote, hapo niko salama, halafu napunguza.

Bint Makorora: Chukua miruko miwili, A na B, katikati baiti 124. A inaruka mbele mpaka baada ya B. B inarudi mpaka mwanzo wa A. Zote zikiwa fupi, A inahitaji 124+2, yaani 126, inafika. B inahitaji 2+124+2, yaani 128 kurudi nyuma, ambacho ndicho kikomo cha nyuma, inafika kwa ncha ya kidole. Sasa anza na ndefu. Ukijaribu kufupisha A, B ikiwa bado ni 5, unapata 129. Haifiki. Ukijaribu B, unapata 131. Kila moja inaisubiri mwenzake. Umetoka na baiti 10 badala ya 4, na hakuna atakayekuambia.

Heksa Tupu: Kuna mtu wa mwishoni mwa miaka ya 70, Szymanski, si alithibitisha kuwa jambo lenyewe haliwezekani?

Pwani_Biti: 1978, na hakusema haliwezekani. Kupata jibu fupi kuliko yote ni NP-kamilifu, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana, pale unaporuhusu hesabu yoyote ya lebo (majina ya mahali kwenye msimbo). Kwa miruko ya kawaida njia ya dada hapo juu inatosha. Ugomvi unaanza na vitu kama `.align`, inayojaza baiti mpaka anwani ifike mpaka fulani: mruko mmoja ukirefuka, jazo linapungua, na lililokuwa mbali linaweza kusogea karibu. Na mleta mada, `times 510-($-$$) db 0` yako, inayojaza sifuri mpaka baiti 510, ni jazo la namna hiyohiyo. Hivi ni kazini gani wanaandika sekta za buti?

Mtambo Kimya: Kazi yangu haikuhusu. Na kwa kuwa mnaiamini sana asembla: 2019 Intel walitangaza kasoro ya prosesa za Skylake na ndugu zake, mruko unaovuka au kuishia kwenye mpaka wa baiti 32. Tiba yao ikapunguza kasi, GNU wakaongeza `-mbranches-within-32B-boundaries` ili asembla isogeze miruko. Sasa msimbo una baiti ambazo hukuziandika.

Bint Makorora: Ungezijaza kwa mkono, mpaka wa 32 hadi mpaka wa 32, programu nzima?

Mtambo Kimya: Nimesema *nijulishwe*. Soma.

Mzee Akumuleta: 8085 haina kasoro hiyo.

Jirani wa Kaskazini: Mzee, leo ungewapa vijana nini badala yake? Jibu kwa ukweli.

Pwani_Biti: Apewe RISC-V, muundo huria wa amri za prosesa. Chipu ya CH32V003 ina flash ya KB 16. Hapo hata asembla haijui urefu wa mwisho: `call` inatoka kwake ikiwa amri mbili, baiti 8, imewekwa alama, na linka, programu inayounganisha vipande vya msimbo, ndiyo inayoipunguza hadi 4, au 2 kama mlengwa yuko karibu. Mleta mada ataugua.

Mtambo Kimya: Hilo unaweza kulizima kwa `.option norelax`. Nimeshalizima.

Mzee Akumuleta: Ina skrini ya heksa?

Pwani_Biti: Haina, mzee. Utaifunga mwenyewe.